Zamu ya Tadao Chini ya Micheri

Horie Tadao alikuwa na miaka sitini na minne, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kusimama kwenye kivuko cha barabara na bendera ya njano, akiwavusha watoto wa shule. Wazazi wa watoto hao, wale wa nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na mashamba ya mpunga, walimjua kama Mzee wa Bendera tu. Watu wa nyumba za zamani walimwita mtoto wa Kiyo, ingawa Kiyo mama yake alikuwa ameshafariki na huyo mtoto mwenyewe alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi.

Mtaa wao ni Kajiyamachi, upande ule wa Japani ambako theluji haina haraka ya kuondoka. Mto wao ni mdogo, mtu mwenye miguu mirefu anauvuka kiangazi bila kulowesha magoti, lakini ukingoni kuna micheri ishirini na sita, miti ya maua meupe ya waridi, na ndiyo inayoufanya mtaa utembee kifua mbele kwa juma moja la kila mwaka. Majuma mengine yote ni mtaa tu.

Tadao alizaliwa hapo, akaondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda Kobe kuosha vyombo kwenye baa moja nyuma ya bandari, baa yenye viti vinane, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhamahama akakaa hapohapo miaka arobaini. Kutoka kuosha glasi akapanda kuzifuta, kutoka kuzifuta akapanda kuchonga barafu, na mwenye baa alipozeeka akamwachia funguo. Alioa huko. Mkewe akachoka kuishi na mtu anayelala mchana, wakaachana bila kelele, na mpaka leo wanatumiana kadi ya mwaka mpya. Halafu mama yake akaanguka jikoni, akavunjika nyonga. Tadao akafunga baa, akarudi, akidhani ni kwa miezi mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa tano.

Ugumu wa kurudi haukuwa theluji, ingawa mwaka wa kwanza aliitupa kwa koleo upande wa jirani bila kujua, na jirani hakumsalimu mpaka ilipoyeyuka. Ugumu ulikuwa kwamba watu aliowajua walikuwa wachache, na hao wachache walizidi kupungua. Angeweza kupita siku nne akisema "habari za asubuhi" na asiseme lingine lolote. Siku moja tu ya mwaka mtaa ulikuwa unakaa chini pamoja, nayo ni Jumapili ya maua. Watu walitandika turubai la bluu ukingoni mwa mto, wakavua viatu, wakala, wakanywa sake, pombe yao ya mchele. Aprili ile ya kwanza Tadao alikaa pale pembeni ya kiti cha magurudumu cha mama yake, na watu wakamjia mmoja mmoja wakamwuliza habari za Kobe, za mgongo, za mama. Asingeweza kumweleza mtu, lakini tangu hapo mwaka wake ulikuwa unaanzia Aprili.

Sasa mwezi wa Februari ukaja ubao wa mtaa. Ubao huo ni karatasi za matangazo zilizobanwa pamoja, zinapita nyumba hadi nyumba; unasoma, unagonga mhuri wako, unampelekea jirani. Kwa kawaida huwa na habari za takataka na paka waliopotea. Safari hii Mwenyekiti alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba orodha ya zamu ya Jumapili ya maua imefika mwisho, na haitapangwa nyingine, kwa sababu nyumba za zamani zimechoka na nyingi zimefungwa. Mwaka huu ni zamu ya nyumba ya Horie. Ya mwakani ataichukua atakayependa, na ataisema mwenyewe palepale chini ya maua kabla turubai halijakunjwa. Nyumba iliyotoka zamu hairudii. Asipotokea mtu, shughuli ikome.

Tadao akaisoma mara mbili, akagonga mhuri, akaupeleka ubao kwa jirani, Shangazi Sumie, anayetengeneza tofu. Shangazi Sumie alikuwa na miaka sabini na saba, na zamani alimbeba Tadao mgongoni, jambo ambalo halikumtoka mdomoni.

"Umeisoma?" akauliza, mikono yake ikiwa ndani ya maji baridi.

"Nimeisoma."

"Basi wewe ndiye wa kuizika shughuli. Kiyo ana bahati, kakwepa."

"Shangazi huwezi kuichukua ya mwakani?"

"Mimi? Nikipiga magoti kutandika hilo turubai, jioni mtanikunja nalo."

"Na wale wa nyumba mpya?"

"Hao hawaji. Yule mama kijana, Iwase, nilimkaribisha mwaka jana. Akaniambia asante, asante, asante, asante. Mtu akikushukuru mara nne ujue haji." Akatoa kipande cha tofu majini, akakitazama pembe zake. "Wanasema sake ni kinywaji cha wazee. Wakubwa wao kazini waliwanywesha kwa nguvu, basi wakiona tu chupa, kichwa kinawauma."

Tadao akarudi nyumbani na tofu yake, akaila huku akiwaza. Hakuwa na ujuzi mwingi katika maisha haya. Hakujua kilimo, hakujua kompyuta. Alichojua ni kumpa kinywaji mtu aliyeingia akisema hanywi. Watu wa nyumba mpya hawaitaki sake kavu, basi si waipate imevaa nguo nyingine? Jioni hiyo akachukua karatasi, akachora glasi tatu kwa penseli za rangi. Ya kwanza ilikuwa sake nyeupe isiyochujwa iliyochanganywa na stroberi zilizopondwa. Ya pili, sake na asali na yuzu, ndimu ile yenye harufu nzuri, na maji ya gesi juu yake. Ya tatu, sake na tangawizi, na ndani yake ua la mcheri lililohifadhiwa kwa chumvi. Chini akaandika kwamba kila moja inapatikana pia bila pombe, kwamba watoto wanakaribishwa, na kwamba atakayekuja aandike jina lake. Akarudi kwa Shangazi Sumie kabla ubao haujaendelea, akaibana karatasi yake hapo, ikazunguka mtaa.

Siku tatu baadaye Mwenyekiti Gonda akagonga mlango. Alikuwa mzee wa miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kama ufito, na alikuwa amepika mchele kwa mvuke majira arobaini ya baridi kwenye kiwanda cha sake cha ng'ambo ya mto. Alikataa kuingia ndani. Alisimama palepale pa kuvulia viatu, kofia mkononi.

"Nimesikia unataka kuitia stroberi."

"Stroberi na ndimu, Mwenyekiti."

"Unajua kule tunaukoboa mchele mpaka punje inabaki kama ushanga? Tunatupa karibu nusu yake. Unajua kwa nini?"

"Ili ladha iwe safi."

"Kumbe unajua." Gonda akaizungusha kofia. "Kisha wewe unakuja kuichafua."

"Mwenyekiti, wasiokuja hawawezi kujua kwamba ni safi."

Nje theluji ilidondoka kutoka kwenye paa la jirani, puu.

"Mwenye zamu ndiye mwenye kinywaji," akasema mwishowe. "Ndiyo kawaida, na siwezi kuivunja mimi. Lakini nitakuja na chupa yangu."

"Karibu na chupa yako."

"Nitakuja nayo," akarudia, kana kwamba Tadao alikuwa amemkatalia.

Ubao uliporudi, Tadao aliuweka mezani bila kuufungua, akachemsha chai kwanza. Kisha akahesabu. Watu thelathini na wanne waliandika kwamba watakuja, na kumi na tisa kati yao walikuwa wa nyumba mpya. Mwaka uliotangulia walikaa watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mtu wa posta aliyepita tu na kifurushi.

Ikaja kazi ya kungoja maua, ambayo ni kazi hasa, maana maua hayasomi kalenda. Redio inasema yake, televisheni inasema yake, lakini Kajiyamachi wanausikiliza mcheri mmoja tu, ule wa darajani. Mwenyekiti huuzungukia kila asubuhi. Yakifunguka maua matano, anahesabu siku, anatangaza Jumapili. Mwaka huo yalifunguka manne, baridi ikarudi, yakakaa manne siku tano nzima. Watu wakawa wanaulizana dukani, "Vipi, la tano?" kama wanaomwulizia mgonjwa. Jumatatu moja likafunguka, na Jumapili ikatangazwa.

Tadao alikuwa tayari. Maua yake ya chumvi aliyachuma Aprili iliyopita kwenye mcheri wa nyuma ya nyumba, ule wa maua mazito yanayochelewa, akayalaza kwenye chumvi na siki ya plamu, akayaanika kivulini. Usiku wa kuamkia Jumapili aliyatia kwenye maji kutoa chumvi, akionja kila baada ya muda, maana likibaki na chumvi linaharibu glasi nzima, na likikaa sana majini linakuwa kama uzi. Alipanga chupa, akakamua yuzu, akapanga glasi ndefu za plastiki sitini, zile zinazong'aa. Vikombe vidogo vya udongo vya mtaa, ambavyo hukaa kwenye sanduku nyumbani kwa mwenye zamu, aliviacha sandukuni. Alilibeba lile sanduku kwa sababu tu ndiyo desturi.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ukingoni na turubai. Lazima mtu akalie mahali tangu mapema, la sivyo mitaa mingine inapanyakua. Alilikandamiza kwa mawe pembe zote, akaketi katikati peke yake na blanketi begani. Mto ulikuwa unapita. Juu yake matawi yalikuwa yamejaa mpaka mbingu haikuonekana vizuri, na kila kulipokucha kidogo, weupe ule ulipata rangi kidogo. Tadao alijisikia kama zamani kabla ya kufungua baa, viti vinane vimefutwa, barafu imechongwa, na mlango bado umefungwa.

Saa tano walianza kuja. Walikuja kweli. Nyumba za zamani na vyakula vyao: wali uliofinyangwa na kuviringishwa mwani, ngisi wadogo wa majira yale na mchuzi wa siki, tofu ya kukaanga ya Shangazi Sumie ikiwa bado inatoa moshi. Nyumba mpya na kuku wa kukaanga na sandwichi na watoto. Viatu vikapangwa ukingoni mwa turubai, vidogo na vikubwa. Tadao alikuwa ameweka meza ndogo mwanzoni kabisa, na kila aliyefika alipita hapo kwanza.

Aliwatengenezea mmoja mmoja. Akaponda stroberi, akatikisa kwenye chombo chake cha bati kwa mtikiso uleule wa Kobe, wa bega na kifundo, watoto wakasimama midomo wazi. Likiingia ua la chumvi kwenye glasi, lilikaa kidogo kama karatasi iliyokunjwa, kisha likajifungua polepole, petali moja baada ya nyingine. Watu walipiga picha. Mama Iwase, yule wa asante nne, alifika na mtoto wa miezi saba kifuani na mumewe nyuma amebeba mifuko, akasema kwa aibu kwamba yeye ananyonyesha. Tadao akampa ya tangawizi na ua, bila sake, nzuri vilevile kwa macho.

"Kumbe Mzee wa Bendera anajua haya," akasema mume, Iwase Kohei.

"Bendera ndiyo niliyojifunza uzeeni," akasema Tadao.

Alikuwa na furaha. Kwa zaidi ya saa mbili hakuinua kichwa. Alipoinua, kila mtu alikuwa na glasi yake, na turubai lilikuwa kimya.

Mwanzo alidhani ni masikio yake. Akaangalia vizuri. Watu wa zamani walikuwa wamekaa upande wa mto. Wa nyumba mpya walikuwa upande wa barabara. Katikati palikuwa na bluu tupu, pana kama kitanda, na hapakuwa na mtu wala sahani. Kila mtu ameshika glasi yake ndefu kwa mikono miwili, imejaa, nzuri, haimhitaji mwingine. Wengine walikuwa wanatazama simu. Mtoto mmoja aliuliza wanaondoka saa ngapi, na mama yake akatazama saa badala ya kumnyamazisha.

Na upande wa mto, mahali pa heshima, alikuwa amekaa Mwenyekiti Gonda, magoti yamekunjwa, chupa yake mbele yake, imefunguliwa, imejaa. Mkononi alikuwa na kikombe chake kidogo alichokuja nacho toka nyumbani. Kikombe kilikuwa kikavu.

Tadao alikitazama kile kikombe muda mrefu. Mtu hajimiminii sake mwenyewe. Hata chupa ikiwa mbele yako, unangoja. Jirani anaona kikombe chako kitupu, anajivuta kwa magoti mpaka ulipo, anakumiminia, na akishakumiminia hawezi kukaa bubu, lazima aseme neno, kama si hali ya hewa basi mgongo. Kisha wewe unamrudishia. Ndivyo mtaa ulivyokuwa ukizunguka kwenye turubai miaka yote, kikombe kwa kikombe, mpaka jioni kila mtu ameshapiga magoti mbele ya kila mtu. Ndivyo walivyomjia yeye Aprili ile ya kwanza. Hawakuja kumwuliza Kobe. Walikuja kummiminia, na Kobe ikafuata.

Yeye sasa amewaletea baa. Kwenye baa kila mtu ana glasi yake na kiti chake, na wengi wanakuja ili wasisemeshwe.

Ukingoni, baba mmoja wa nyumba mpya alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye kiatu. Ilikuwa saa saba na nusu. Saa tisa Mwenyekiti angeuliza swali lake, na hapakuwa na mtu upande ule wa barabara ambaye angemjibu mzee asiyemjua.

Tadao akafunga chombo chake cha bati. Akakimbia, kadiri magoti yalivyomruhusu, mpaka ukumbi wa mtaa ulioko ng'ambo ya barabara, akarudi na mabirika mawili ya bati, yale makubwa ya chai ya mikutano. Akachanganya sake na stroberi yote iliyobaki kwenye moja, ya tangawizi isiyo na pombe kwenye jingine, akayafunga shingoni vitambaa, chekundu na cheupe, watu wasichanganye. Kisha akafungua sanduku la mtaa, akaanza kugawa vile vikombe vidogo vya udongo, kila mtu kimoja, akizichukua glasi ndefu hata kutoka kwa waliokuwa hawajamaliza.

"We mtoto wa Kiyo, hiyo bado nakunywa," Shangazi Sumie akalalamika.

"Meza imefungwa, Shangazi."

"Baa gani inafungwa saa saba?"

Tadao akasimama katikati, penye bluu tupu. Hakuwa mzoefu wa kusema mbele za watu. Kwenye baa alikuwa anasikiliza.

"Samahanini jamani," akasema. "Mimi nimechoka kumimina. Kitambaa chekundu kina sake, cheupe hakina. Atakayejimiminia mwenyewe ataosha vyombo vyote vya leo. Na vyombo ni vingi."

Akayaacha mabirika palepale katikati, akaenda kukaa pembeni.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Vikombe vilikuwa vidogo, vitupu, na kila mtu alikuwa amekishika chake kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Watu wa zamani walijua la kufanya lakini waliwaonea haya wageni. Wageni waliona haya kwa kutojua. Aliyesogea alikuwa mama Iwase. Labda kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulia na alihitaji kumtingisha. Akainuka, akachukua birika la kitambaa chekundu kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto, akatazama huku na huku nani mwenye kikombe kikavu, na kilichokuwa mbele kabisa ni cha Mwenyekiti. Akaenda, akapiga magoti.

"Karibu unywe," akasema.

Gonda akatazama birika. Akatazama chupa yake mwenyewe. Mtu akikupigia magoti na birika humkatalii, huo si ustaarabu, na Gonda alikuwa mtu wa ustaarabu kuliko alivyokuwa mtu wa sake. Akainua kikombe kwa mikono miwili. Kikaingia kitu cha rangi ya waridi. Akanywa, akakaa nacho mdomoni, uso umetulia kama wa mtu anayekagua.

"Ni mchele wetu," akasema. "Umevaa sketi, lakini ni wetu."

Shangazi Sumie akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe kwa wanaovaa sketi hukuwahi kuwa mbali, Mwenyekiti. Mimi nakumbuka."

"Sumie, mbele ya watu."

"Watu gani? Hawa jirani zetu."

Gonda akaweka kikombe chini, akachukua chupa yake ili arudishe, kama inavyopasa. Mama Iwase akaziba kikombe chake kwa kiganja, akasema ananyonyesha. Mzee akakwama, chupa imeelea hewani. Kisha akajikongoja kwa magoti yake ya miaka themanini na moja mpaka katikati ya turubai, akalichukua birika la kitambaa cheupe, akarudi nalo, akammiminia tangawizi na ua la mcheri, taratibu, tone la mwisho akalipangusa kwa kidole.

"Marehemu mke wangu," akasema, maana lazima useme neno, "alinyonyesha watoto wanne. Miaka sita mfululizo hakunywa siku ya maua. Na hakuna aliyefikiria kumpa kitu kingine. Hata mimi sikufikiria."

Mama Iwase akamwuliza mkewe alikuwa anaitwa nani. Akamwambia, Hatsue. Wakaendelea kuzungumza hapo, mtoto amekamata kitufe cha koti la mzee.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa. Birika jekundu likapita mkono kwa mkono. Iwase Kohei akaenda kummiminia Shangazi Sumie, akamwaga nusu kwenye tofu, na Sumie akamwambia asihuzunike, tofu nayo ilikuwa na kiu. Yule baba wa mguu mmoja akautoa mguu kwenye kiatu. Mmoja akamwuliza Gonda kama ni kweli mchele unakobolewa mpaka nusu, na Gonda akamweleza kwa urefu sana, akimmiminia kutoka kwenye chupa yake kavu, bila stroberi, na yule kijana akanywa, kichwa hakikumwuma, au kama kilimwuma hakusema. Bluu ya katikati ikajaa sahani, magoti, watoto. Upepo ukapiga kidogo, petali zikadondoka kwenye wali, hakuna aliyezitoa.

Tadao alimiminiwa mara saba. Alihesabu.

Saa tisa Mwenyekiti akasimama. Alishika bega la Kohei kujiinua, kisha akajinyoosha.

"Nitauliza mara moja," akasema. "Ya mwakani, nani anaichukua?"

Watu wa zamani wakatazama vikombe vyao. Tadao akatazama mto, kwa sababu hakuweza kutazama watu. Mahali fulani nyuma yake mtoto alikuwa anagonga sahani kwa kijiko. Alianza kuhesabu kimoyomoyo, na alipofika kumi na mbili akasikia sauti ya mwanamke.

"Mwenye zamu lazima anywe?"

Alikuwa mama Iwase.

"Si lazima," akasema Gonda.

"Lazima awe hapa saa kumi na moja?"

"Turubai lazima liwe hapa saa kumi na moja."

"Huyo mwanao anakuamsha saa ngapi?" akauliza Shangazi Sumie.

"Saa tisa usiku."

"Basi una saa mbili za kupiga miayo."

Watu wakacheka. Mama Iwase akamtazama mumewe, mumewe akatazama juu, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Mkono wake mama ukapanda, si wote, mpaka usawa wa sikio.

"Huo ni mkono," akauliza Gonda, "au unajikuna?"

"Ni mkono. Lakini vinywaji mimi sivijui. Bwana Horie atatengeneza."

"Nyumba iliyotoka zamu hairudii. Nimeiandika mwenyewe."

"Zamu itakuwa yao, Mwenyekiti," akasema Tadao, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi nitakuwa jirani anayesaidia. Hujaandika kwamba jirani asisaidie."

Gonda akafikiri. Akatoa daftari mfukoni, akatoa na kalamu, akaandika, akayapuliza maandishi yakauke, ingawa kalamu ilikuwa ya risasi.

Wakalikunja turubai watu wanane, nyumba mpya na za zamani, mmoja kila pembe na wengine katikati, wakiliinua kwanza ili petali zimwagike mtoni. Kohei alitembea sambamba na Tadao, simu mkononi, akiandika kila kitu. Mawe yanatosha mangapi? Kumi, ukipata makubwa. Barafu inanunuliwa siku hiyohiyo? Siku moja kabla, uifunike kwa magazeti. Yale maua ya chumvi yanaanzwa lini? Baada ya majuma mawili, ule mcheri wa nyuma ya nyumba utakapofunguka, njooni wote wawili na kikapu. Na mtoto? Na mtoto, mleteni. Tadao alijibu haraka haraka, asije yule mtu akaacha kuuliza, akabeba upande wake wa turubai mpaka ukumbini, na walipofika Kohei bado alikuwa na maswali.